Sababu Ilikuwepo, na Nia Je? Jibu kuhusu Vita vya Kagera

Swali la msomaji: "Ninafundisha historia kidato cha tatu, Kanda ya Ziwa. Miaka yote nimewaeleza wanafunzi kwamba Tanzania ilipigana na Uganda mwaka 1978 kwa sababu ilivamiwa. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake ni Mganda, alisema nyumbani kwao husikia kwamba Nyerere alikuwa akitafuta kisingizio cha kumrudisha rafiki yake Obote madarakani, na Idi Amin alimpa tu. Sikuwa na jibu la kuridhisha. Nimwambie nini? Na raia wa kawaida atajuaje nia halisi ya serikali inapoamua kwenda vitani?"

Ndugu Mwalimu,

Mwanafunzi wako ameuliza swali zito, na bahati nzuri lugha ya vita vile yenyewe inatupa pa kuanzia. Katika hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978, ambayo hata vijana waliozaliwa miaka ishirini baadaye wanaweza kuikariri, Rais Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Tumeyazoea maneno hayo kama mapigo ya ngoma moja, hata hatusikii tena kwamba yanataja vitu vitatu mbalimbali. Sababu ni jambo lililotokea nje, mbele ya macho ya watu: unaweza kwenda kuliona, kulipima na kuhesabu waliokufa. Nia imo ndani ya vichwa vya wanaoamua, na inaweza kuwa ya zamani kuliko sababu, ikazaliwa pamoja nayo, au ikaja miezi mitatu baadaye wakati askari wako tayari wamevuka mpaka. Vitabu vyetu vya shule vimejibu swali la sababu vikadhani vimemaliza na la nia. Wanaomshutumu Nyerere hukosea kwa kinyume chake: wakishaonyesha kwamba nia ya kumwondoa Amin ilikuwepo tangu zamani, huona wameifuta sababu.

Sababu haina ubishi mkubwa. Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi mwa Ziwa Viktoria ni mstari ulionyooka, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 kwa kufuata nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mto Kagera haukuulizwa. Unapinda, unaingia Tanzania, kisha unarudi kaskazini na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda, na kwa hiyo ukisimama kwenye daraja la Kyaka ukatazama kaskazini, ardhi yote iliyo mbele yako hadi Mutukula, yapata kilomita 30, ni ya Tanzania ingawa iko ng'ambo ya mto. Amin alidai kwamba mpaka wa haki ni mto. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia sehemu hiyo yote, eneo la takriban kilomita za mraba 1,800, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kuvushwa mpaka, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Nchi inayotendewa hivyo ina haki ya kujilinda chini ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na isitoshe, azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru lilikuwa limependekezwa na Tanzania yenyewe.

Kabla ya kuipekua nia ya Dar es Salaam, nashauri darasa lako liulize pia nia ya Kampala, jambo tunalolisahau kwa kuwa jina "nduli" tulilompa Amin lilitosha kueleza kila kitu. Mwaka 1978 utawala wa Amin ulikuwa unatikisika. Makamu wake, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia vibaya katika ajali ya gari iliyozua maneno mengi. Vikosi kadhaa viliasi. Na Marekani, mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, ilipiga marufuku biashara na nchi hiyo mwezi huohuo wa Oktoba. Wanahistoria hawakubaliani kama Amin aliagiza uvamizi tangu mwanzo au kama askari wake walivuka wakiwafukuza waasi, wakaanza kupora, naye akaona afadhali ajitangaze mshindi kuliko kukiri kwamba jeshi halimsikilizi. Mimi naegemea maelezo ya pili, kwa sababu tangazo la kutwaa ardhi lilikuja baada ya askari kufika mtoni, na halina dalili ya mpango uliofikiriwa. Kwa hali yoyote, serikali iliyoanza vita hivi ilikuwa na matatizo ya nyumbani yaliyohitaji adui wa nje.

Sasa Nyerere. Hapa mwanafunzi wako ana hoja, na haitakuwa haki kumnyamazisha. Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Nyerere alikataa kuitambua serikali mpya, akampokea Obote Dar es Salaam na kumhifadhi kwa miaka mingi. Marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena baada ya hapo, hadi Jumuiya yenyewe ikafa mwaka 1977. Mnamo Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, pamoja na kundi la kijana mmoja aliyeitwa Yoweri Museveni, walivuka kutoka ardhi ya Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara. Walishindwa vibaya. Amin alijibu kwa kuishambulia kwa ndege miji ya Bukoba na Mwanza, na Oktoba mwaka huo nchi mbili zikatia saini makubaliano mjini Mogadishu, zikiahidi kuondoa majeshi mpakani na kutowasaidia wapinzani wa upande wa pili. Hata hivyo wakimbizi wenye mafunzo ya kijeshi waliendelea kuishi Tanzania, na vita vilipoanza mwaka 1978 walikusanywa upesi katika kikosi ambacho jina lake la Kiswahili, Kikosi Maalum, lilibaki hivyohivyo hata Waganda walipokuwa wakizungumza lugha zao.

Kwa hiyo, mtu akisema kwamba Nyerere alitamani Amin aondoke, anasema kweli, na Nyerere mwenyewe hakuwahi kulificha hilo. Kama ni kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine, Tanzania ilikuwa imekwisha kuipinda ilipoitambua Biafra mwaka 1968, tena kwa kueleza sababu zake hadharani. Lakini kutamani mlevi wa jirani ahame ni jambo moja, na kupanga kumchomea nyumba ni jambo lingine. Ili tuseme kwamba uvamizi wa Kagera ulikuwa kisingizio kilichosubiriwa, tungetarajia kuona maandalizi. Serikali inayosubiri kuvamiwa ili ipate uhalali huweka majeshi karibu, ghala za silaha zimejaa na magari yana mafuta.

Tunachokiona ni kinyume kabisa. Mpaka wa Kagera mwezi Oktoba 1978 ulikuwa karibu mtupu; brigedi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa na makao yake Tabora, mamia ya kilomita kusini. Mara baada ya uvamizi ilibidi kukusanya mabasi na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi, kuita mgambo kutoka mikoani, na kusafirisha watu kwa reli hadi Mwanza wakati mvua zikiharibu barabara za mkoa uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Ilichukua majuma kadhaa kabla ya jeshi kuwa tayari kuvuka mto kwa nguvu. Ushahidi huu nauamini kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa mali na watu huwekwa pale matarajio yalipo, na haiwezekani kupanga kwa siri uzembe wa namna hiyo.

Jibu langu kwa nusu ya kwanza ya swali, basi, ni kwamba mwezi Oktoba na Novemba 1978 nia ya serikali ya Tanzania ilikuwa ileile iliyotangazwa: kuwafukuza wavamizi. Ugumu unaanza Januari, na ndipo ningependa utumie muda mwingi zaidi darasani.

Mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yote ya Tanzania ilikuwa imekombolewa. Kama lengo lilikuwa hilo tu, vita vilikuwa vimekwisha. Lakini Mutukula, mji mdogo wa mpakani upande wa Uganda, uko mahali pa juu, na mizinga iliyokaa pale ilikuwa ikiendelea kupiga bonde la Kagera. Kwa mwanajeshi uamuzi ulikuwa rahisi: huwezi kuwarudisha wakulima kwenye migomba yao huku adui akiwatazama kutoka kilimani. Tarehe 21 na 22 Januari Jeshi la Wananchi liliutwaa mji huo. Hadi hapo bado tunaweza kusema ni kujilinda. Kilichofuata hakina jina hilo. Askari waliokuwa wameona vijiji vilivyochomwa na maiti zilizoachwa upande wetu walileta matingatinga, wakausawazisha mji, na raia waliobaki, wengi wao wazee wasioweza kukimbia, wakauawa. Taarifa zilipomfikia Nyerere alitoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe. Amri hiyo inamsifu, lakini pia inatuonyesha kwamba nia ya vita haikai Ikulu peke yake. Kuna nia ya rais, kuna nia ya kamanda, na kuna nia ya kijana wa miaka ishirini mwenye hasira na bunduki. Mtu anayeuliza kwa nini serikali ilipigana hana budi kuuliza ni nia ya nani hasa anayoitafuta.

Kutoka Mutukula, kila hatua ilizaa hatua nyingine. Mwezi Februari Nyerere alieleza kwamba kulikuwa na vita viwili: kimoja cha Watanzania, cha kulinda nchi yao, na kingine cha Waganda, cha kumwondoa dikteta wao, na kwamba hiki cha pili hakikuwa kazi ya Tanzania. Wapatanishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipomtaka asimamishe mapigano, aliweka masharti yake: Umoja huo uulaani uvamizi, Amin aachane na madai ya ardhi, alipe fidia, na itolewe dhamana kwamba hatarudia. Umoja haukuwa tayari hata kwa hilo la kwanza. Unaweza kuyasoma masharti haya kwa namna mbili. Ni madai ya haki kabisa ya mtu aliyeibiwa. Na pia ni madai ambayo yeyote aliyemjua Amin alijua hatayakubali. Nafikiri yote mawili ni kweli. Serikali ikitoa masharti ya amani, ni vizuri kupima kama yametungwa ili yakubaliwe au ili yakataliwe, lakini usitarajie kila mara kupata jibu moja.

Masaka na Mbarara zilitekwa mwishoni mwa Februari. Matumaini yalikuwa kwamba Waganda wangeinuka wenyewe, na vita vya pili vingechukua nafasi ya vita vya kwanza. Hawakuinuka. Badala yake Gaddafi alileta askari wa Libya kumwokoa Amin, wakakutana na Watanzania Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, na kuanzia hapo wazo la kusimama njiani lilikuwa halina maana tena ya kijeshi. (Ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza mwishoni mwa Machi iliangusha mabomu katika kisiwa cha Saanane na kuua wanyama, wenyeji wa huko kwenu huenda bado wanawasimulia wanafunzi wako.) Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mikononi mwa Watanzania kwa sehemu kubwa sana, ingawa Waganda waliwekwa mbele ili wimbo uwe wa ukombozi wao.

Ndiyo maana ninasema kwamba nia ya kumwondoa Amin haikuanzisha vita bali ilikua ndani yake, ikipata chakula kutoka nia ya zamani iliyokuwa imelala tangu 1971. Kosa la serikali, kwa maoni yangu, ni kwamba mabadiliko hayo hayakuwekwa mezani mbele ya watu waliokuwa wakiyagharamia. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, redio ilikuwa moja, gazeti la Uhuru lilikuwa la chama na Daily News la serikali. Mwananchi wa Songea aliyetoa mwanawe kwenda kuirudisha Kagera aliendelea kusikia habari za kuirudisha Kagera wakati mwanawe yuko Jinja.

Vipi kuhusu Obote? Mwezi Machi 1979, makundi ya Waganda walioko uhamishoni yalipokutana Moshi kuunda umoja wa ukombozi, Nyerere alimshawishi Obote asihudhurie, kwa kuwa Waganda wengi, hasa wa kabila la Baganda, wasingemkubali. Aliyechaguliwa kuongoza alikuwa Yusuf Lule, profesa ambaye hakuwa mtu wa Obote hata kidogo. Kama lengo la vita lilikuwa kumrudisha rafiki, hii ilikuwa njia ya ajabu ya kulifikia. Lakini Lule aliondolewa baada ya siku 68, Godfrey Binaisa aliyemfuata naye akaondolewa Mei 1980, na Desemba mwaka huo Obote akatangazwa mshindi wa uchaguzi ambao wapinzani wake hawakuukubali, huku askari wa Tanzania wakiwa bado nchini. Tuseme mjomba wa mwanafunzi wako alikuwa Kampala siku hizo: hakusoma kumbukumbu za mkutano wa Moshi. Aliona Watanzania wamekuja na Obote amerudi, akaunganisha. Simlaumu. Mwisho wa jambo huwa unang'aa sana hata mtu akadhani ndio uliokusudiwa tangu mwanzo, na Tanzania iliyokuwa na uwezo wa kuzuia mengi kati ya Juni 1979 na Desemba 1980 haiwezi kunawa mikono. Nia ya mwaka 1980 ichunguzwe kama nia ya mwaka 1980, wala isirudishwe nyuma ikavikwa mwaka 1978.

Kulinganisha na wengine kunasaidia. Katika majuma hayohayo Vietnam, ambayo mipaka yake ilikuwa imeshambuliwa mara nyingi na utawala wa Pol Pot, iliingia Kambodia na kuuteka mji wa Phnom Penh tarehe 7 Januari 1979. Sababu yake haikuwa ndogo kuliko yetu, na dikteta iliyemwondoa alikuwa mbaya kuliko Amin. Hata hivyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka majeshi ya kigeni yaondoke Kambodia, ilhali Tanzania haikuwahi kulaaniwa huko. Ilichopata ni maneno makali kutoka Sudan na Nigeria katika mkutano wa Monrovia mwezi Julai 1979. Tofauti ilikuwa katika marafiki na maadui wa kila nchi. Kwa upande mwingine iko Iraki ya mwaka 2003, ambako silaha zilizotajwa na Marekani na Uingereza kuwa ndiyo sababu ya vita hazikuonekana. Pale huhitaji hata kufika kwenye nia. Sababu yenyewe ilianguka.

Raia wa kawaida hataingia katika chumba cha mkutano wa Baraza la Mawaziri. Lakini vitu kadhaa viko wazi kwake. Anaweza kutafuta serikali ilikuwa inasema nini juu ya jirani huyo kabla ya tukio. Wakenya walioambiwa Oktoba 2011 kwamba jeshi lao limeingia Somalia kwa ajili ya utekaji wa watalii na wafanyakazi wa misaada, walikuwa na haki ya kukumbuka kwamba mazungumzo kuhusu kuwa na eneo la kinga huko Jubaland yalitangulia utekaji huo. Anaweza kusikiliza lini kitenzi kinabadilika, kutoka "kufukuza" kwenda "kuadhibu" kwenda "kukomboa", na kuuliza ni nani aliyeidhinisha mabadiliko hayo. Zaidi ya yote anaweza kuangalia hesabu. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane baada ya vita. Miezi hiyo iliisha, na foleni za sukari na sabuni zikazidi kurefuka hadi katikati ya miaka ya themanini. Vita viligharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500, ni kweli, lakini bei ya mafuta ilipanda mwaka huohuo wa 1979, Jumuiya ilikuwa imevunjika, na mashirika ya umma yalikuwa hoi. Kusema "ni vita vya Kagera" kukawa jibu jepesi kwa kila upungufu dukani. Serikali inaweza kuingia vitani kwa nia safi, kisha ikaendelea kuvitumia kwa nia nyingine miaka mingi baada ya risasi ya mwisho, na huko ndiko maswali huwa machache zaidi, kwa kuwa anayeuliza huonekana anawatukana waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita hivyo.

Darasani usimpe mwanafunzi wako uamuzi wangu kama tangazo. Andika ubaoni tarehe nne: 30 Oktoba 1978, 21 Januari 1979, 11 Aprili 1979 na Desemba 1980. Waulize, katika kila tarehe, serikali ya Tanzania ilisema inataka nini, ilifanya nini, na kama viwili hivyo bado vilikuwa vinafanana. Kisha mwombe kijana huyo afanye kazi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuifanya: awaulize ndugu za mama yake waliwaita askari wetu kwa jina gani walipoingia mwaka 1979, maana Waganda wengi waliwaita "bakombozi", kutokana na Kiswahili chetu, na walikuwa wanawaita nini wa mwisho walipoondoka mwaka 1981.